Mcheri wa baridi hapa Tanga, nisikilizeni kabla hamjatoa hela

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye kikao chetu cha wapenda bustani hapa Tanga, wengi hamkufika na waliofika wameniomba niyaandike, basi nimeyaweka vilevile nilivyosema, nukta na mikato mtanisamehe.

Assalaam alaykum, bwana asifiwe, na wazee wangu nawapa shikamoo zenu. Bi Mwenyekiti kanipa kipaza kaniambia nusu saa, sasa mie muuza miche ukinipa nusu saa niongee miti umenionea, hapo ndo kwanza nakuwa nimefika kwenye mizizi, ila nitajitahidi.

Mada mnaijua. Tangu hizi video za miti ya pinki zianze kuzunguka kwenye simu haipiti wiki bila mtu kuja kitaluni kunionyesha skrini, "kaka nataka huu". Mti hauna jani hata moja, umejaa maua mwanzo mwisho, chini watu wamevaa makoti wanapiga picha. Na sahivi kuna hii mpya, watu wamegundua kuna mcheri unaotoa maua katikati ya baridi kabisa, sio ile ya mwezi wa nne, basi hoja imekuwa nzito zaidi, "kaka mbona huu ni wa baridi na sisi mwezi wa saba baridi tunayo". Jamani. Mwezi wa saba hapa ukitoka alfajiri kwenda kuswali unavaa sweta, sikatai, mie mwenyewe navaa. Lakini kipimo muda huo kinasoma nyuzi 20 hivi. Kule inakotoka ile miti nyuzi 20 ni siku ya watu kukaa nje na kaptula wanakula aiskrimu.

Basi tuujue mti wenyewe kwanza halafu ndo tugombane.

Mnaouona kwenye bustani za Uingereza ukitoa maua Desemba mara nyingi ni Prunus subhirtella, aina inayoitwa 'Autumnalis', na kuna ndugu yake 'Autumnalis Rosea' ambayo pinki yake imekolea kidogo. Asili yake Japani, ni chotara. Sio mti mkubwa, ukikomaa unacheza kwenye mita 8 kwenda juu na karibu hizohizo kwenda pembeni, matawi membamba, ua lenyewe dogo tu, ukiliweka kwenye kucha ya kidole gumba linazidi kidogo. Tumba likiwa limefunga ni pinki, likifunguka linaelekea weupe. Wajapani wenyewe wanazo aina kadhaa za namna hii, kuna sehemu inaitwa Obara, iko ndani ya mji wa Toyota, ndiyo, Toyota haohao wa magari, mwezi wa kumi na moja unakuta micheri imetoa maua na hapohapo majani ya miti mingine yamegeuka mekundu, watu wanajaa kuangalia vyote viwili kwa mpigo.

Kitu ambacho video hazionyeshi, huu mti hautoi maua yote kwa mkupuo. Majani yanapukutika kuanzia mwezi wa kumi na wa kumi na moja, siku hali ya hewa ikilegea kidogo unafungua kundi la kwanza. Barafu ikija ile ya usiku, maua yaliyofunguka yanaungua yanakuwa kahawia kama yamepigwa pasi, lakini matumba yaliyofunga yanakaa kimya. Joto likirudi siku mbili tatu linafunguka kundi lingine. Inakwenda hivyohivyo mpaka mwezi wa tatu ndo yanatoka mengi ya mwisho. Wenyewe wanakata vijiti vyenye matumba wanaviweka kwenye chupa ya maji sebuleni, kwa joto la ndani vinafunguka. Kwa hiyo aliyekupigia video kakupigia siku ile moja nzuri, hajakuonyesha wiki ambazo mti umesimama kama fagio la chelewa.

Sasa kwa nini unahitaji baridi. Hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo maana ndo penyewe.

Mcheri unatengeneza matumba ya maua wakati wa joto, mwezi wa saba wa nane huko kwao, muda majani yamejaa. Halafu siku zikianza kufupika na ubaridi ukiingia, mti unalala. Kulala kwenyewe sio kwamba umechoka, ni ulinzi, maana ungefungua maua ikaja theluji yote yangekufa na mbegu isingepatikana. Ili usidanganywe na siku moja ya joto katikati ya baridi, mti unahesabu. Watu wa matunda wanahesabu saa zilizo chini ya nyuzi 7 hivi, na kila aina ina idadi yake inayodai, nyingine mamia machache, nyingine zaidi ya elfu. Ni kama luku, yuniti hazijaingia taa haziwaki, hata ubadilishe balbu mara ngapi. Zikishatimia ndo mti unaanza kusikiliza joto.

Huu wa baridi ujanja wake ni kwamba sehemu ya matumba yake hayalali usingizi mzito. Majani yakishadondoka tu hayo yanakuwa tayari, yanasubiri hewa tulivu yafunguke. Yaliyobaki yanalala kama ya ndugu zake na yanaamka mwezi wa tatu baada ya kushiba baridi. Hapa ndo watu wananirukia, "aah kumbe hauhitaji baridi!" Unahitaji. Majani yenyewe yanadondoka kwa sababu ya ubaridi, na bila jani kudondoka lile tumba halifunguki vizuri, maana jani ndilo linalolishikilia lilale. Japani kimbunga kikipita mwezi wa tisa kikapukutisha majani mapema, au viwavi wakayatafuna yakaisha, micheri ya kawaida kabisa inaanza kutoa maua mwezi wa kumi, watu wanashangaa, kumbe mti umeondolewa breki tu. Hii ya majani mwiweke akilini nitairudia.

Na kama kuna mtu bado anabisha kwamba kazi inafanywa na baridi, aangalie Okinawa, visiwa vya kusini kabisa mwa Japani kwenye joto. Kule micheri yao inachanua mwezi wa kwanza. Japani bara maua yanaanza kusini yanapanda kwenda kaskazini jinsi joto linavyopanda. Okinawa ni kinyume, yanaanza kaskazini mwa kisiwa yanateremka kusini, na yanaanza juu ya vilima ndo yanashuka mabondeni, kwa sababu kule wanachosubiri ni baridi na baridi inaanzia kaskazini na juu. Sisi Tanga hata tukisubiri hiyo baridi haipiti njia hii.

Mzee wangu mmoja, yupo hapa simtaji, aliniambia atakuwa anauwekea barafu shinani kila jioni. Mzee, nilikuheshimu sikucheka. Lakini baridi haihesabiwi na mizizi, inahesabiwa na tumba lenyewe, kila tumba na hesabu yake. Kuna mtaalamu wa Marekani, Frederick Coville, aliandika mwaka 1920 baada ya kujaribu kwa blueberi, mmea kauweka ndani kwenye joto akatoa tawi moja tu nje kwenye baridi, lile tawi la nje ndo likaamka, mengine ya ndani yakabaki yamelala na wote mzizi mmoja. Kwa hiyo itabidi mzee ununue friza la kuingiza mti mzima.

Tuseme basi umekaidi, umepata mche kwa njia zako umeupanda Raskazone. Nini kinatokea? Hautakufa siku ya kwanza, na hilo ndo tatizo, unakupa matumaini. Utatoa majani. Baadaye majani ya zamani yanang'ang'ania hayaanguki, machipukizi yanaamka ncha za juu tu, moja leo lingine mwezi ujao, katikati matawi yanabaki uchi, matumba yakijitokeza yanakauka na kudondoka kabla hayajafunguka. Chini, pale Raskazone ukichimba kidogo unagonga jiwe la matumbawe, na kwingine mjini masika maji yanasimama, na mcheri ukisimama kwenye maji mizizi inaoza. Ukishadhoofika unaanza kutoa gundi kwenye shina, matone ya rangi ya asali iliyoganda, hapo kwenye kila familia ya Prunus ujue kuna ugonjwa au kidonda. Umeumwagilia, umeuwekea samadi, umeuombea, na pinki hujaiona.

Hilo la mche kupatikana kwa njia zako pia lina neno. Binti mmoja hapa mjini aliagiza mbegu za "sakura", ndo mcheri kwa Kijapani, kwa muuzaji wa mtandaoni, pakiti ina picha nzuri hiyo, kaotesha, kaniletea kiriba nikiangalie. Nimeangalia jani, nimelifikicha nimenusa, nikamwambia dada huu ni mti lakini cheri sio. Lakini hata ingekuwa mbegu ya kweli, ile 'Autumnalis' haipatikani kwa mbegu. Mbegu inatoa mtoto mwenye sura yake mwenyewe, kama mnavyojua embe dodo ukiotesha kokwa hujui utavuna nini. Ile inabebeshwa juu ya shina la mcheri mwingine, au inakatwa kijiti kinachipuzwa. Anayekuuzia mbegu zake kakuuzia picha.

Na mche halisi kutoka nje haubebwi kwenye begi. Kuna kibali cha kuingiza mimea, kinatoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mzigo unakaguliwa. Najua kuna watu hapa wanasema urasimu. Haya, ile micheri maarufu ya Washington, Wajapani walituma mara ya kwanza miti 2,000, ikafika Januari 1910, wakaguzi wakakuta wadudu na minyoo kwenye mizizi, ikachomwa moto yote, na hiyo ilikuwa zawadi ya jiji la Tokyo kwa jiji la Washington. Wakatuma mingine safi 3,020 mwaka 1912 ndo ikapandwa, ndo hiyo watu wanaiona. Kama zawadi ya jiji zima ilichomwa, na wewe kijiti chako ndani ya soksi kitazamwe tu. Na sisi watu wa mkoa huu ndo tusiseme kabisa, Amani hapo juu Muheza Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 wakaleta miti ya kila pembe ya dunia, mingine mizuri imetulia pale bustanini mpaka leo, lakini ule Maesopsis uliingia msituni ukajaa, ndege wanaubeba, mpaka leo watu wa uhifadhi wanahangaika nao.

(Hapa dada mmoja akauliza: sasa na Lushoto je?)

Ahsante dada, nilijua litakuja, Wasambaa hamjifichi. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi juu ya bahari na ukipanda Magamba unavuka 2,000. Huko hadithi nyingine kabisa. Na nimekuja na ushahidi, hiki hapa kijiti nimekatiwa wiki hii Lushoto. Kipitisheni, msikivunje. Hiki ni mplamsi. Zile plamsi mnazonunua kwenye ndoo pale Mombo karibu na Krismasi, na yale mafyulisi, yote ni Prunus, ukoo mmoja na mcheri. Angalieni, sasa ni mwezi wa nane hakina jani hata moja. Kila kifundo kina vitumba vidogo viwili vitatu vimekaa pamoja, vile vya duara vilivyonenepa ni maua, kile kilichochongoka katikati ni jani. Chuneni ganda kidogo kwa ukucha mnuse, harufu ya uchungu kama lozi, mmeisikia? Hiyo harufu ndo ukoo wote huu. Kwa hiyo anayesema Tanga hakuna mti unaopukutika ukatoa maua matupu kwa sababu ya baridi, apande gari mwezi huu au ujao aende Lushoto kwenye mashamba ya plamsi, maua meupe, tena mwisho wa siku unakula. Mie ningekuwa na kiwanja Lushoto wallahi nisingehangaika na mcheri, ningepanda plamsi mbili mbele ya nyumba nikamaliza.

Lakini kama roho yako ni mcheri tu, na uko juu huko, basi usitafute ule wa Uingereza. Tafuta wa watu wa milimani kwenye nchi za joto. Upo, Prunus cerasoides, mcheri wa Himalaya, unaota porini kati ya mita 1,200 na 2,400 na wenyewe kawaida yake ni kuchanua mwanzo wa baridi. Shillong kule India wanaufanyia tamasha mwezi wa kumi na moja. Thailand milima ya Chiang Mai unachanua Desemba kwenda Januari, Vietnam pale Dalat vilevile mwanzoni mwa mwaka, na Dalat ni mita 1,500, karibu sawa na Lushoto. Huo haudai baridi nyingi. Tofauti ni kwamba wao wako kaskazini ya ikweta, kwetu kalenda inageuka, baridi yetu ni Juni mpaka Agosti. Brazil ambako Wajapani wengi walihamia wamepanda micheri ya aina ya Okinawa, na São Paulo inachanua mwezi wa saba na wa nane. Kwa hiyo Lushoto tegemeeni hukohuko.

Na hapa ndo narudi kwenye lile la majani. Kule Batu, Java Mashariki, Indonesia, nyuzi kama 8 kusini ya ikweta, wanalima matofaa, yale maepo ya dukani, na baridi ya kutosha hawana. Wanachofanya, wakishavuna tu wanaingia shambani wanapukutisha majani kwa mkono, jani moja moja, kabla tumba halijapata usingizi mzito. Mti unachanua, wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mtu wa Lushoto mwenye mcheri mgumu anaweza akajaribu, baada ya mvua, majani yakishakomaa yakawa magumu, apukutishe yote. Kwa Tanga mjini msijipe moyo, Batu nako ni mlimani.

Kutunza nitapita haraka. Jua kamili, udongo usiotuama maji, usipande kwa kina, pale ulipobebeshwa pabaki juu ya udongo. Mizizi yake iko juujuu kwa hiyo jembe lisikaribie shina, weka matandazo. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo kata, maana ni shina mama linataka kurudi. Kukata matawi ni pale tu inapobidi, na ukate kukiwa kukavu mti una majani, kidonda kikikaa kwenye unyevu kinaingiza ukungu na bakteria na ndo ile gundi. Wajapani wana msemo wao kwamba mjinga ndo hukata matawi ya mcheri. Na mbuzi, jamani mbuzi! Majani ya mcheri yaliyonyauka ni sumu, yakinyauka yanatoa sianidi, ng'ombe na mbuzi wanakufa. Ukikata tawi usilitupe uani ukaingia ndani kunywa chai.

Jambo moja linaniuma niliseme. Tunahangaika na cheri ya kuagiza na sisi tunayo yetu ya Afrika, Prunus africana, iko kwenye misitu ya milimani ukiwemo Usambara. Maua yake madogo, meupe ya maziwa, sio ya kupigia selfi, na mti hauachi majani. Ganda lake linatengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya tangu miaka ya 70, wakaumenya ovyo kwenye nchi nyingi, mti ukizungushwa ganda unakufa umesimama, mpaka biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa kwenye CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1995. Mtu wa Lushoto mwenye eka mbili akipanda kumi mpakani kafanya la maana. Ila mbegu zake mbichi ndo zinaota, ukizikausha ukaziweka kabatini umeziua.

Haya turudi chini, turudi joto, maana wengi wenu mko Chumbageni, Makorora, Pongwe.

Nimewauliza wateja wangu wengi wanataka nini hasa kwenye ule mti. Hakuna aliyeniambia anataka Prunus. Wanataka mti uwe uchi halafu ujae maua, wakati ambao bustani nzima imechoka. Basi hilo kwenye pwani ya joto linafanywa na ukame. Kule mti unaacha majani kukimbia barafu, huku unaacha majani kukimbia kiu, na ua linatoka hapohapo kwenye kijiti kikavu. Singapore wako karibu na ikweta kuliko sisi, usawa wa bahari, na kila kukiwa na kiangazi kifupi halafu ikapiga mvua kubwa mji mzima unajaa pinki, watu wanapiga picha wanasema sakura imekuja. Sio cheri, ni Tabebuia rosea, mti wa Amerika ya Kati. Huo kwa mwenye uwanja mkubwa ndo namba moja wangu. Unakuwa mkubwa lakini, usiniletee kwenye kiwanja cha futi 40 kwa 60.

Mkrismasi mnao, mwekundu, ulitoka Madagascar jirani tu hapo, mwezi wa kumi na moja na kumi na mbili hauna mpinzani, tatizo mizizi, inanyanyua sakafu, inapasua karo. Mbali na nyumba. Franjipani kwa uwanja mdogo, hata kwenye pipa, unaacha majani kiangazi unabaki vidole tupu halafu ua linaanzia nchani. Franjipani wengi wenu mnauua kwa upendo, maji kila jioni, shina lile lina akiba yake, muache apate kiu.

Lakini nilichotaka kuwaambia leo ni gilirisidia. Najua, mtasema huo si wa uzio wa ng'ombe. Ndo huohuo. Umetoka Meksiko na Amerika ya Kati, watu wa kilimo wakaueneza kwa ajili ya mbolea ya majani na kulisha mifugo, tumeuzoea tumeudharau. Lakini mmeshauona ambao haujakatwa miaka miwili, ukame ukiushika? Majani yote chini, na kila tawi limevaa maua ya pinki yenye urujuani kidogo kuanzia shinani mpaka nchani, yamebanana, kwa mbali mtu akikwambia ni Japani unabisha nini? Haujauona kwa sababu mbili tu. Ya kwanza, tunaukata kila msimu, na ua linakaa kwenye tawi la mwaka jana, ukilikata umekata maua. Ya pili, tunaupanda karibu na bomba, palipo na unyevu muda wote hauachi majani yote, maua yanakuwa machache yamejificha. Kwa hiyo masharti yake ni kuacha panga na kuacha ndoo.

Namna ya kupanda, na muda ndo huu unakuja, kabla vuli haijaanza mwezi wa kumi. Hiki kijiti cha pili ndo chenyewe, angalieni unene, kama mpini wa mwiko wa ugali wa shughuli, ganda limeshageuka kahawia na lina madoadoa meupe, cha kijani kibichi usichukue kitaoza. Urefu mita moja mpaka moja na nusu. Chini kata mshazari kwa panga kali kwa pigo moja, ganda lisichanike, juu vilevile mshazari maji yasikae. Usikikite kwa kupigilia, toboa shimo kwanza kwa mtaimbo, ingiza sentimita 30 mpaka 50, shindilia. Chenye kukaa juu chini hakioti kwa hiyo kumbuka upande. Ukitaka mti wa kusimama peke yake miaka mingi otesha kwa mbegu, maana wa kijiti mizizi yake inakaa juujuu na kusi la mwezi wa sita likikaza unaweza ukalala. Mwaka wa kwanza punguza uache shina moja au matatu, baada ya hapo weka panga ndani.

(Bi mkubwa mmoja akauliza kama nao ni sumu kwa mbuzi.)

Hapana bi mkubwa, majani mbuzi wanakula, mwanzoni wanaweza wakasusa harufu, yaache yanyauke kwanza ndo uwape. Farasi ndo wasipewe, na nani ana farasi hapa. Mbegu na ganda la shina lake lakini huko ulikotoka wanafanyia sumu ya panya, kwa hiyo watoto wasichezee zile mbegu, na maganda ya mbegu ukiona yamekauka mtini yakusanye kabla hayajapasuka, yanarusha mbegu mbali na jirani asipotaka miche itakuwa kesi.

Vijiti nimekuja na mzigo kwenye toyo hapo nje chini ya mkungu, ni bure, kila mtu viwili, wa Makorora na Mabawa muanze maana mna safari. Na anayetaka mtobozi wa shimo mtaimbo ninao mmoja tu, tutaazimana kwa zamu, aliye nao mwisho aurudishe kitaluni.